Chupa Kwenye Mwanzi

Shingo ya chupa ilikuwa bado imechomoza kwenye mwanzi wa Pak Darsono, na kizibo chake cha jani la mgomba nilikitambua, maana nilikikunja mwenyewe alfajiri. Ilikuwa chupa ya Wening. Saa ile ilipaswa kuwa imeshachukuliwa.

Nilidhani wamesahau. Nyumba ya Wening iko chini kabisa, karibu na mto. Magoti ya mama yangu hayamruhusu tena kushuka ngazi zile, nami asubuhi nina nyumba nyingi za juu za kupitia. Kwa hiyo tangu Wening ajifungue tulipatana: jamu yake, kinywaji cha mitishamba tunachouza mimi na mama, naiacha kwenye mwanzi wa Pak Darsono, na mumewe Bagus akitoka kununua tempe ya soya anaichukua na kushuka nayo. Jioni chupa inarudi palepale, tupu, imeoshwa.

Mianzi ile ilikuwa fahari ya kichochoro chetu, na aliyeibuni ni Pak Darsono, mwenyekiti wa mtaa. Zamani jamu tuliimimina kwenye vifuko vya plastiki, tunafunga kwa mpira, tunachomeka mrija. Ikifika jioni, vifuko vilevile unavikuta vimeziba mfereji. Yeye ndiye aliyekata mianzi akaifunga kwenye kila uzio. Chupa unaitumbukiza, inakaa kivulini, shingo tu inabaki nje. Alitufundisha na mengine. Kapu la sokoni badala ya mfuko. Maganda kwenye pipa la mbolea. Maji ya kuoshea mchele yamwagiwe mboga. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yasiende mferejini. Na dawa ya kuua magugu ilikuwa marufuku kabisa, kwa sababu maji yote ya kichochoro yanaishia mtoni, na mtoni kuna bata wa watu. Magugu yang'olewe kwa mkono. Mvivu alitungiwa wimbo, na wanawake wa kwetu wakikutungia wimbo utahama mwenyewe.

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika. Waamuzi wa shindano la mitaa misafi walikuwa wanakuja, na kichochoro kilikuwa kimefagiliwa hadi mawe yakang'aa.

Pak Darsono alitoka ndani akifunga vifungo vya shati lake jipya la batiki.

"Yatmi! Hilo kapu usilitue hapo njiani, mwanangu. Wageni wameshafika darajani."

"Samahani, Pak." Mimi huongea kwa sauti ya chini, watu huniambia nirudie mara mbili tatu. "Mas Bagus hajapita?"

"Nani?"

"Mas Bagus. Kuchukua jamu."

"Amepita. Nimemwona kwa macho yangu akishuka na chupa."

"Basi hii ni ya nani?"

Alitazama mwanzi niliokuwa nauonyesha, kisha akatazama mwanzi wa pili. Uzio wake ulikuwa na mianzi miwili, mmoja wa nyumba yake na mmoja wa kuachia watu mizigo yao. Nyumba yake siku hiyo haikuagiza kitu. Mwanzi wake ulikuwa mtupu, nao ndio aliokuwa akiutazama.

Mkono wake ulibaki kwenye kifungo cha shingoni. Haukufunga wala haukufungua.

"Pak?"

"Kulikuwa na chupa humo," akasema.

"Ya jamu?"

Aliingiza vidole ndani ya mwanzi kana kwamba chupa inaweza kujikunja ikajificha chini. Vidole vikatoka na vumbi.

"Pak Darsono, kulikuwa na nini?"

Alinisogelea. Pumzi yake ilinuka kahawa. "Usipaze sauti," akaniambia, mimi ambaye sijapaza sauti tangu nizaliwe. "Dawa ya magugu. Ile kali, haijachanganywa na maji. Kaka yangu amenipa kutoka shambani kwake."

Nilimwelewa neno moja moja. Magugu kati ya mawe yalikuwa yamemshinda, na mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Tangu wiki iliyopita, alfajiri watu wakiwa msikitini, alikuwa akipuliza kidogo mbele ya nyumba yake na kwenye ngazi, hata leo. Hakuweza kuileta dawa kwenye kopo lake, maana kwetu taka zinachambuliwa mbele za watu, na kopo la namna hiyo lingeonekana kabla jua halijapanda. Akaitia kwenye chupa ya jamu. Kila nyumba ina chupa za jamu. Kisha leo Bu Jumirah na wenzake wakatokea na mafagio, naye akaona mahali pa karibu pa kuificha.

"Rangi yake?" nikamuuliza, ingawa jibu nilishaliona usoni mwake.

"Njano. Kama hiyo yako."

Jamu ya Wening ilikuwa ya manjano na ukwaju. Mzazi huinywa asubuhi akishakandwa na kufungwa tumbo, glasi nzima, kwa pumzi moja. Kichanga chake kilikuwa hakijatimiza hata arobaini, kinanyonya.

"Mpigie Mas Bagus," nikasema.

Alikuwa ameshatoa simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Bagus akishaipeleka jamu hupanda pikipiki kwenda kiwandani, na kwenye pikipiki huwezi kumpata.

"Wening mwenyewe?"

"Mkwe wake, Bu Sumarsih, amemnyang'anya simu. Eti macho ya mzazi yataharibika." Akajifuta jasho kwa kiganja. "Yatmi, wewe una miguu myepesi. Chukua hiyo ya kweli, shuka ukabadilishe. Waambie ile ya kwanza imechacha. Imechacha tu, basi. Umesikia? Hakuna haja ya mtu kujua kitu kingine. Leo siyo siku yake."

Nilichomoa chupa kwenye mwanzi. Kapu nililiacha palepale njiani.

Ngazi za kwetu ni nyembamba. Wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima ajibanze ukutani. Nilishuka nikiishika chupa kifuani kama mtoto, na kandambili zikaanza kuteleza, nikazivua nikaziacha. Mawe yalikuwa na unyevu. Nilikuwa nakanyaga alichokipuliza na nilijua, lakini nilichokuwa nakiona kichwani ni glasi moja tu, ile ya Bu Sumarsih yenye maua mekundu, ninayoiona kila nikienda kuwasalimu.

Nikasema moyoni: bado anakandwa. Yule bibi mkandaji, Mbah Karsi, hakandi haraka. Mbah Karsi akianza miguuni, hadi afike tumboni wali unaiva. Na kile kitambaa cha kufungia tumbo ni kirefu, kinazungushwa, kinazungushwa. Nina muda.

Kisha nikasema: lakini leo kuna wageni. Leo Bu Sumarsih atataka mambo yaishe mapema.

Nilipokata kona nikawaona. Wanawake wote wa kichochoro walikuwa wamejaa kwenye ngazi, wamevaa sare za kijani, wamefunga njia kwa tao la makuti mabichi. Upande wa pili wa tao walikuwa waamuzi, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Wimbo wa kuwakaribisha ulikuwa ndiyo kwanza umefika kwenye ubeti wa mapipa. Kuzunguka kwa barabara kubwa kungenichukua muda mrefu kuliko wimbo wowote.

"Nipisheni," nikasema.

Nani atasikia? Nilijipenyeza kwa bega. Mtu akanikanyaga kidole.

"Taratibu, we mtoto! Kunyata kama mwizi wa kuku!"

"Nipisheni, naomba, Bu."

"Hee, ni Yatmi!" Bu Jumirah alinidaka mkono. Bu Jumirah ana mkono wa kutwanga na mdomo wa kutangaza. "Tazameni, ameletwa na Mungu mwenyewe! Jamani, acheni kuimba kwanza. Waheshimiwa, huyu ndiye binti yetu wa jamu. Mnamwona alivyo mdogo? Mifuko ya plastiki aliyoiokoa huyu ingejaza mto."

"Bu, niache nipite."

"Anaona haya. Huyu hata kuku akimwangalia anainama chini. Njoo, njoo mbele hapa, wakupige picha!"

Nilisukumwa hadi mbele ya tao. Mtu aliichukua chupa mikononi mwangu, na kabla sijaishika tena ilikuwa kwa mama mwenye miwani, ambaye aliinyanyua juani akaitazama. Nilinyoosha mkono, na watu wakacheka, wakidhani nataka kumfungulia.

Wakati huohuo Pak Darsono alitokea nyuma yangu. Alikuwa ameshuka polepole, simu sikioni, na uso wake ulikuwa umevaa tabasamu kama lililoazimwa.

"Karibuni, karibuni sana, waheshimiwa," akasema. Simu akaitia mfukoni. "Binti ana haraka, ana wateja wake. Tumwache aende."

"Aende wapi na sisi hatujaonja?" akasema mmoja wa wale wanaume, na wenyeji wakaangua kicheko.

Mama mwenye miwani alikuwa bado ameishika chupa. "Nzuri," akasema. "Zinazunguka nyumba zote?"

"Nyumba zote," Bu Jumirah akadakia. "Yangu leo, kesho ya Bu Tarni, keshokutwa inarudi kwangu. Tumeolewa ndoa ya chupa."

"Nami nina swali moja dogo. Zinafanana zote, hazina karatasi, hazina jina. Mnajuaje ndani yake kuna nini?"

"Aa, hapa tunaaminiana!" wakaitikia kwa pamoja, na wengine wakapiga makofi.

Pak Darsono hakupiga makofi. Alinitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba kama ya mtu aliyeshika kamba upande wake na kunipa mimi upande wa pili.

Nitasema ukweli juu ya nilichokiwaza. Niliwaza maneno aliyonipa. Imechacha. Neno jepesi, nililiweza. Ningesema nimemsahaulia mzazi jamu yake, wangenipisha wakicheka, ningefika, ningebadilisha, na kesho mama yangu angeendelea kutwanga manjano kama kawaida. Nikisema jambo jingine, nani atanunua tena kitu cha njano kwenye chupa kutoka kwetu? Mama hana kazi nyingine. Mimi pia.

Lakini nikawaza tena: je, kama ameshakunywa? Nikifika na uongo mkononi na ameshakunywa, watamlaza apumzike. Watamwambia jamu iliyochacha haiui mtu.

"Hatujui, Bu," nikasema.

"Ee?" Mama mwenye miwani aliinama. "Sema tena, binti."

Ndipo nikaisikia sauti yangu. Ilitoka kali, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

"Hatujui kuna nini! Wening amepelekewa dawa ya kuua magugu. Iko kwenye chupa kama hii. Nipisheni, atakunywa!"

Niliona kichwa kimoja kikimgeukia Pak Darsono, kisha cha pili, maana nani mwingine kichochoroni alikuwa hajang'oa hata jani na mawe yake ni meupe? Kisha Bu Jumirah akalirarua lile tao kwa mikono yake miwili, tao walilolisuka siku nzima, na kunisukuma mgongoni.

"Kimbia!"

Nilikimbia. Nyuma yangu nilisikia miguu mingi ikishuka, na kandambili nyingi, na mtu mmoja akilia. Mlango wa Bu Sumarsih ulikuwa umerudishiwa. Sikubisha hodi.

Chumba kilijaa harufu ya mafuta ya kukandia, ile kali ya mkaratusi, inayokufanya utokwe machozi. Mbah Karsi alikuwa akichomeka ncha ya mwisho ya kitambaa kiunoni mwa Wening. Wening alikuwa ameketi mkekani, mgongo umenyooka kwa jinsi alivyobanwa. Mtoto alikuwa amelala pembeni. Bu Sumarsih, mama mkwe wake, alikuwa anakunja taulo.

Glasi yenye maua mekundu ilikuwa dirishani. Ilikuwa tupu.

"We Yatmi, ndiyo adabu gani ya kuingia..."

"Jamu iko wapi?"

"Jamu yako? Ameshakunywa." Bu Sumarsih alininyooshea kidole. "Na leo ni nyepesi kama maji, mwambie mama yako asitupunje."

Niliketi pale mlangoni. Nikasema kila kitu, na sijui nilisemaje, maana nilikuwa nalia. Mbah Karsi ndiye aliyenielewa kwanza. Aliacha kitambaa, akashika kidevu cha Wening akamfungua mdomo kama anavyofunguliwa mtoto.

"Sumu? Sumu gani?"

"Ya magugu."

"Mtapishe!" Bu Sumarsih alipiga kelele. Taulo lilikuwa limemwanguka. "Mtie kidole, Mbah! Mtie kidole!"

"Tulia. Ziko sumu ukizitapisha zinaunguza mara ya pili. Ya jina gani? Nani anajua jina lake?"

Nilikuwa sijui. Mlango ulikuwa umejaa watu kufikia hapo, sare za kijani hadi uani. Kisha wakaanza kujibanza pembeni mmoja mmoja, na Pak Darsono akapita katikati yao. Shati lake lilikuwa limetoka nje ya suruali.

"Ni yangu," akasema.

Hakuna aliyemsaidia.

"Ni yangu mimi. Nimeiweka mimi kwenye mwanzi." Akaitaja kwa jina lake la dukani, akaeleza ni ya aina gani na ilikuwa imejaa kiasi gani. Alisema kwa sauti ileile ya kusomea taarifa za mtaa. "Haikuwa na maji. Samahani, Bu Sumarsih. Mpelekeni zahanati. Mpelekeni sasa hivi, tutaongea baadaye, mnifanye mtakavyo."

Bu Sumarsih alimwendea. Nilidhani atampiga. Alishika kola ya ile batiki mpya kwa ngumi zote mbili, akaibana.

"Gari letu liko hapo chini," ilikuwa sauti ya yule mama mwenye miwani kutoka uani. "Mleteni. Haraka."

Wakamwinua Wening. Bu Jumirah kwapa hili, Mbah Karsi kwapa lile. Mtoto aliamka, akaanza kulia, Wening akamgeukia, na Bu Sumarsih akapiga yowe, "Asimnyonyeshe! Mwondoeni mtoto!" Hapo ndipo Wening alipojitupa chini, akang'ang'ania mkeka kwa kucha.

"Sikunywa," akasema.

"Inuka, mwanangu, inuka..."

"Sikunywa, Bu! Sikuinywa!"

"Nimeiona glasi tupu kwa macho yangu!"

"Nimeimwaga."

Mbah Karsi alichuchumaa mbele yake.

"Umeimwaga wapi?" Mbah Karsi akauliza polepole.

Wening hakuwa anamtazama Mbah Karsi. Alikuwa anamtazama mkwewe, na niliona kwamba kwa mambo yote mawili, sumu na mkwe, alikuwa bado hajaamua ni lipi la kuogopwa zaidi. Wening na mimi tulikuwa tukicheza pamoja mtoni. Hakuwahi kuogopa nyoka wala maji.

"Dirishani. Ukienda kuanika taulo, naimwaga dirishani. Kila siku."

"Kila siku?" Bu Sumarsih alirudia.

"Tangu siku ya kwanza. Siwezi, Bu. Ile manjano inanikaba hapa. Nilijaribu. Leo hata sikuijaribu, ilikuwa na harufu ya mafuta ya taa, nikaimwaga upesi." Akaanza kulia kwa sauti. "Usinirudishe kwetu."

Mbah Karsi alimnusa mdomo. Akamnusa vidole, vyote, kimoja kimoja. Vya mkono wa kulia akavinusa mara mbili, kisha akaagiza maji na sabuni. Bu Jumirah alipanda juu ya kigoda akachungulia dirishani.

"Ni kweli," akasema. "Huku chini kumelowa. Kwenye shina la mpapai. Wee! Na huu mpapai ulivyonenepa, jamani, kumbe ni mzazi!"

Mtu mmoja uani akacheka, na baada ya hapo ilikuwa kama mtungi umepasuka. Watu walicheka huku wanalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika glasi yenye maua, sijui niliichukua saa ngapi, na nilisikia mabaki ya harufu yake hadi kwenye koo, nikaiweka chini kama naweka yai.

Bu Sumarsih alimwachia Pak Darsono kola. Alienda akaketi karibu na Wening, akamvuta kichwa akakilaza pajani pake, akaanza kumchana nywele kwa vidole, kwa nguvu, kama anamgombeza.

"Mjinga wewe," akasema. "Mjinga. Si ungesema? Ningetia sukari guru zaidi."

Yule mama mwenye miwani hakukubali mambo yaishie hapo. Wening alipelekwa zahanati vilevile, na mtoto wake na mkwe wake na Mbah Karsi wote ndani ya gari moja, wakarudi adhuhuri, yeye mzima. Waamuzi hawakukagua pipa hata moja. Kichochoro cha ng'ambo ya mto ndicho kilichopata kombe, na tunaambiwa wamelifungia kabatini.

Mpapai ulianza kunyauka kabla wiki haijaisha. Majani ya chini yalikuwa manjano kwanza, kisha ya juu, kisha yale mapapai mabichi yakaanguka moja moja usiku, na kila mlio Wening aliamka akamshika mtoto. Watu walikuwa wanakuja kuutazama. Pak Darsono hakuja mchana. Bu Sumarsih alimwona alfajiri moja, ameuchimba na mizizi yake na udongo wake wote, udongo ametia kwenye ndoo, shina amelibeba begani, kuvipeleka mbali na mto.

Uenyekiti aliuacha mwenyewe. Mianzi aliikata yote, uzio kwa uzio, na wanawake wakapanda ndani yake vitunguu vya majani.

Kulikuwa na mkutano, bila shaka. Wengine walisema turudi kwenye vifuko vya plastiki, kifuko angalau kinatupwa, hakirudi na kitu cha mtu mwingine. Bu Tarni alisema hivyo, na wengi wakatikisa vichwa kumkubalia, na mimi nilikuwa nimeketi nyuma na mama yangu. Mama alinifinya paja. Nikasimama.

Niliwaambia nitafika kila mlango. Hakuna tena kuachiana kwenye uzio. Chupa zitakuwa zangu, zitakaa kwangu, hazilali nyumba ya mtu. Mteja alete glasi yake, nimimine yeye anaona, na kabla hajainywa nitaonja mimi.

"Utaonja nyumba zote?" Bu Jumirah akauliza.

"Nyumba zote."

"Meno yatakuwa ya njano, hutapata mume!"

"Basi nitaolewa na chupa, kama nyie."

Sikujua kama nitaweza kusema kitu kama hicho hadi kilipokuwa kimeshatoka. Bu Jumirah alifurahi mpaka akanitungia wimbo, siyo ule wa kuhamisha watu.

Wateja kadhaa hawakurudi. Wengine walirudi baada ya mwezi. Pak Darsono alikuwa wa mwisho. Asubuhi moja nilimkuta ameketi kizingitini na glasi mkononi, imeoshwa, magugu yamejaa mbele yake hadi kwenye vifundo. Nilimimina nikaonja nikampa. Alikunywa yote. Nilipokuwa nafunga chupa yangu aliinama akaanza kung'oa magugu, moja moja, kwa mkono.

Sasa mimi hushuka ngazi zote hadi mtoni. Kwa Wening hufika mwisho, jua likiwa limeshakuwa kali. Bu Sumarsih hututolea glasi yenye maua, kisha kwa makusudi huingia jikoni na kugonga masufuria, ili tujue kwamba haangalii. Namimina. Naonja kwanza. Nampa.

Siku ya kwanza Wening aliishika muda mrefu. Alitazama dirishani, pale palipobaki shimo na anga.

"Ningefanyaje," akaniambia. "Mpapai wenyewe haupo."

Akaziba pua, akafumba macho, akanywa.